Kipuri cha Zamani

"Majibu ya maabara hayamo," alisema mtunza mafaili bila kuinua macho.

Fundi magari aliushika ukingo wa dirisha. Hii ilikuwa safari yake ya tatu katika masjala ya hospitali. Mara ya kwanza ufunguo wa kabati ulikuwa haupo. Mara ya pili mtunza mafaili mwenyewe alikuwa hayupo. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na fundi alikwisha kushtuka zamani.

Miezi kumi na moja iliyopita, hospitalini hapa, walimtoa mfuko wa nyongo. Umejaa mawe, aliambiwa, usingoje kesho. Akasaini huku amejikunja kwa maumivu. Kidonda kikapona, maumivu yakabaki palepale chini ya mbavu, mpaka daktari wa zahanati alipompa dawa za vidonda vya tumbo. Baada ya wiki mbili yakaisha. Hapo ndipo fundi alipoanza kukosa usingizi. Kwa miaka ishirini hajawahi kubadilisha kipuri bila kumkabidhi mteja kile kibovu, amekifunga kwenye gazeti, mwenyewe akakione kwa macho yake. Na yeye wamemkabidhi nini? Kovu.

"Si umepona lakini, baba watoto?" mkewe alimuuliza. "Kuwadai hospitali maelezo ni kumpigia mbuzi gitaa."

Wakili wa msaada wa bure hakumvunja moyo, wala hakumjaza upepo. "Unaweza kulalamika kwa baraza la madaktari, unaweza kukaa nao mezani, unaweza kwenda mahakamani," alisema. "Ila kote huko wataulizia majibu ya maabara ya hicho walichokutoa. Kama kilikuwa na mawe, rudi gereji ukafanye kazi. Kama hakikuwa nayo, tunaanza. Na muda wako wa kufungua kesi unaisha mwezi ujao. Wakikunyima, waambie waandike kwamba wamekunyima."

"Yamekwenda wapi?" fundi aliuliza sasa.

Mtunza mafaili alifungua daftari, kidole kikashuka taratibu. "Ameyachukua daktari aliyekupasua."

"Lini?"

Kidole kilisita. "Siku ile uliyokuja mara ya kwanza. Jioni."

Fundi aliinama akaisoma tarehe ile mwenyewe. Alihisi hasira, na chini ya hasira, woga.

"Niandikie hivyo hivyo, dada. Na mhuri."

"Unataka nifukuzwe kazi?" Kisha akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kwani si wewe fundi uliyenipa ile beringi mbovu? Nimezunguka nayo kwenye buti ya gari mwezi mzima, sijui niifanyie nini."

"Ni mimi. Uliitazama lakini?"

"Niliitazama. Ilikuwa imelika kweli."

Aligeuka kuangalia mlango wa nyuma yake. Halafu akaandika mstari mmoja, tarehe na jina la aliyechukua, akabonyeza mhuri polepole usisikike. Alichomoa ukurasa wa gazeti chini ya kikombe chake cha chai, akakifunga kikaratasi ndani yake.

Getini, mlinzi alinyoosha mkono. "Umebeba nini humo, mzee?"

"Kipuri changu cha zamani," alisema fundi.

Mlinzi alikipokea kifurushi, akakipima kiganjani. "Mbona chepesi hivi?" aliuliza, na badala ya kukirudisha, akaanza kulifungua gazeti.