Njia ya Kupigiwa Hodi

Mfagiaji alianzia langoni kila asubuhi, ndani ya koti la kijani la manispaa lililomchanikia kwapani, akisukuma mbele yake majani makavu, chupa za maji na vile vikaratasi ambavyo watu wa mazoezi hujifutia jasho kisha huvitupa kana kwamba miti ina mama wa kuwaokotea. Kibao cha langoni kilisema: NJIA RAHISI. INAFAA KWA WAZEE NA WATOTO. Njia yenyewe ilikuwa tambarare, ya kokoto laini. Ilizunguka bwawa dogo, ikapenya mitini, ikarudi ilikoanzia. Watu wa nyumba mpya za pembeni mwa mji waliipenda sana. Walikuja na raba nyeupe, mbwa wao na waya masikioni, wakatembea kwa haraka ya mtu anayefukuzwa, na hakuna aliyekuwa akiwafukuza.

Kwenye kona iliyo baada ya bwawa, miguu yao iligoma. Mtu alifika pale, akainua mguu, mguu ukakataa kushuka. Hakuumia wala hakuanguka. Alisimama tu kama aliyesahau alichokuwa anafuata, kisha akageuka akarudi. Msimamizi wa bustani, bwana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliagiza kokoto zibadilishwe. Zikabadilishwa, na miguu ikagoma juu ya kokoto mpya. Akaagiza mti wa pale ukatwe. Ukakatwa, na sasa miguu ikagomea juani.

Mwishowe akamwita mfagiaji, maana alikuwa akimwona anapita pale na toroli lake la takataka bila shida yoyote.

"Mama, wewe hapa unapitaje?"

"Napita tu, bosi. Hapa ni kwetu."

"Na hawa wengine?"

"Hawa wanaingia kwa watu bila hodi."

Msimamizi aliitazama kona, akatazama saa yake. Akasogea, akasema hodi kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingine za kufanya. Sauti ya mwanamke ikaitika kutoka kwenye hewa tupu, usawa wa dirisha: "Karibu. Pita tu, baba." Akapita. Alipofika upande wa pili alimpigia simu fundi wa vibao, na wiki hiyo hiyo kona ikapata kibao: TAFADHALI PIGA HODI. Baadaye kikaongezewa mstari, kwa sababu zilikuwepo saa ambazo mwenye nyumba haitiki, pengine anaoga, pengine kajilaza: USIPOITIKIWA, RUDI.

Watu walizoea. Malalamiko yaliyofika ofisini yalihusu zaidi mavi ya mbwa.

Kona ile ilikuwa sebule yao. Kabla ya miti na kokoto palikuwa na mtaa mzima, hadi manispaa ilipoamua kwamba mji unahitaji mahali pa kupumulia. Asubuhi ya matingatinga, baba yake mfagiaji alivaa shati lake la kutokea akaenda ofisini kuulizia. Akaambiwa akae asubiri, akasubiri. Aliporudi, nyumba ilikuwa chini na mkewe amelazwa kwenye godoro kando ya barabara, keshaiaga dunia. Moyo wake ulisimama pale ukuta wa jikoni ulipoanguka. Ofisi ilisema hayo ni mambo mawili tofauti. Baadaye ikatangaza kwamba waliohamishwa watapewa kipaumbele kwenye kazi za ufagio, na binti akapata ufagio.

Yeye alipiga hodi pale mara moja tu, kwa hamu ya kumsikia mama yake.

"Hodi ya nini?" mama alimjia juu. "Siku hizi unapiga hodi kwenu? Ingia uoshe vyombo."

Aliondoka akilia na huku anacheka. Hakurudia tena, maana vyombo vyenyewe havikuwepo, na angemwambia nini mama yake.

Baba yake sasa aliishi naye kwenye chumba cha kupanga, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Kifua kilikuwa kimemwelemea na miguu ilivimba. Daktari alimsikiliza, akamwambia afanye matembezi mepesi, mahali penye hewa safi, ile njia ya bwawani ingemfaa. Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Siku ya kwanza alisimama langoni akasoma kibao herufi kwa herufi.

"Njia rahisi," alisema. "Hapo hawakudanganya. Waliipata rahisi, bure kabisa."

Benchi la manispaa lilikuwa karibu na kona, pale palipokuwa na baraza lao. Mzee aliketi akahema. Kisha akajikohoza, *mhm*, akatega sikio. Kimya. Akajikohoza tena. Bwana mmoja wa raba nyeupe akafika, akasema hodi bila hata kutoa waya masikioni, akaitikiwa karibu, pita tu, baba. Mzee alimsindikiza kwa macho mpaka akapotelea mitini.

"Na wewe piga hodi, baba," binti yake alimwambia. "Ni neno moja tu."

"Mwenye nyumba hapigi hodi. Anajikohoza, na mkewe anajua ni yeye."

"Mbona haitiki?"

"Atakuwa jikoni."

Wakawa wanakuja, na kila walipokuja mzee alijikohoza na mkewe akawa jikoni. Kuwasikia wapita njia wakikaribishwa kulimuuma, wala hakuficha. Alisema anachotaka duniani sasa ni kuisikia sauti ile ikimsemesha yeye, japo kwa kumgombeza, kabla miguu haijamwacha kabisa. Lakini hodi alikataa katakata.

"Siku nitakayopiga hodi pale," alisema, "nimewaachia."

Mfagiaji hakubishana naye. Alikuwa amechoka, ule uchovu ambao kulala hakuutoi, na majani yalikuwa yanaanguka bila kumhurumia.

Ikafika siku miguu ya mzee haikuingia tena viatuni. Mfagiaji akasafisha toroli, akatandika gunia, akampakia, akamsukuma njia nzima ya kokoto. Mzee alikaa humo na kofia yake kichwani na heshima zake zote. Msimamizi aliwaona, na kanuni zilikataza, kwa hiyo akageuka akaanza kukagua kichaka.

Aliposhushwa kwenye benchi mzee alijikohoza, na safari hii kikohozi hakikukoma. Kilimkamata, kikamtikisa, kikamwacha ameinama, mate yakimtoka. Alipopata pumzi alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Kumbe hiki mama yako hakijui," alisema taratibu. "Hiki ni kikohozi cha mtu mwingine."

Akavua kofia.

"Hodi," akasema. Nayo sauti yake ilikuwa imekwaruzika, nyembamba.

"Karibu," mkewe aliitika mara moja. "Pita tu, mzee."

Mzee hakupita.

"Mwenyewe yupo?" akauliza.

"Ametoka kidogo. Kaenda ofisini kuulizia habari ya nyumba."

"Atachelewa?"

"Kasema hakawii. Kaa hapo barazani umngoje, usisimame juani."

Mfagiaji aliumia mpaka akataka kupaza sauti amwambie mama, ni yeye huyo, mtazame. Lakini mtoto haingilii mazungumzo ya wazazi wake. Akaushika ufagio kwa mikono miwili.

"Basi nitamngoja," mzee alisema.

"Ngoja, baba'angu. Nyumba ni yako."

Mzee aliirudisha kofia kichwani, akaiweka sawa, akaegemea benchi kama mtu aliyeambiwa jambo lake linashughulikiwa. Mfagiaji alifagia kuzunguka miguu yake, kisha akafagia pale pale mara ya pili.

Kabla ya adhuhuri walipita watu wa manispaa na kamba zao za kupimia. Njia ilikuwa imependwa, kwa hiyo ilikuwa inarefushwa mpaka ng'ambo ya bwawa, kwenye nyumba za mabati zilizokuwa bado zimesimama huko. Wa mbele walipiga hodi, wakaitikiwa, wakapita. Wa nyuma kabisa alikuwa mgeni kazini, na yeye ndiye aliyebeba ndoo ya rangi nyekundu ya kuchorea alama kwenye kuta za nyumba zinazotakiwa kuondoka. Alifika kona, akasoma kibao, akamgeukia mzee aliyekaa kwenye benchi.

"Samahani, mzee. Hapa ni lazima kupiga hodi, au mtu anaweza kupita tu?"

"Piga, bwana," mzee alimwambia. "Humo ndani yumo mke wa mtu."

Yule bwana akaiweka ndoo chini, akapiga hodi. Akaitikiwa. Akaichukua ndoo yake, akapita.