Wapagazi wa Isevya

Umeme ulikatika saa tisa alasiri, Recheli akiwa anakunja shuka. Aliliweka shuka pembeni, akachomoa mpira wa mumewe, Leodgar, kwenye mashine ya oksijeni na kuuchomeka kwenye mtungi wa akiba. Kisha akaenda sebuleni kusogeza viti, maana wapagazi walikuwa karibu kupita.

Nyumba yao ya Isevya ilijengwa juu ya njia ya zamani ya misafara. Umeme ukiwepo, njia ilifungwa. Ukikatika tu, wapagazi waliokufa zamani waliingia kwa mlango wa mbele, wamejitwika majora ya kitambaa na waya wa shaba, wakapita sebuleni na kutokea jikoni. Walikuwa arobaini na mmoja. Recheli alishawazoea. Kilichomkera ni vumbi tu.

Kiongozi wao aliitwa Mahona. Alikwisha kumweleza kwamba wanarudi kwao Ulyankulu, mwendo wa siku nne. Lakini kila umeme uliporudi walitoweka katikati ya hatua, wakajikuta tena nje ya mlango wa Recheli.

"Umeme wenu haujawahi kukatika siku nne," alisema Mahona, bila kulaumu.

Recheli aliwaonea huruma, lakini kila jioni aliomba Mungu umeme usikatike kabisa. Leodgar alikuwa amekausha tumbaku miaka thelathini, na moshi ule ulimla mapafu. Bila mashine, alikuwa na mtungi wa saa nne.

Akapiga simu ofisi ya umeme.

"Transfoma imeungua, mama. Fundi yupo njiani."

"Nina mgonjwa anayepumulia mashine."

"Ndiyo maana nakwambia yupo njiani."

Saa kumi na moja aliambiwa hivyo hivyo. Saa kumi na mbili pia. Dereva wa bajaji alikuwa amekwisha kufika kumpeleka Leodgar hospitali, lakini kila baada ya simu Recheli alimwomba asubiri kidogo.

Giza lilipoingia, taa ziliwaka katika nyumba ya mkubwa mmoja ng'ambo ya barabara. Recheli alidhani ni jenereta, ingawa hakusikia mlio.

"Si jenereta," alisema Mahona, aliyekuwa amepumzika jikoni na wenzake wakingoja jua lizame. "Pale hatupiti. Tukijaribu tunagonga kama ukuta, inabidi tuzunguke. Pale umeme haujawahi kukatika tangu nguzo zilipowekwa."

Recheli alitoka nje akatazama juu. Waya uliokwenda kule ulipita juu ya bati lake.

Aliporudi chumbani, mtungi ulikuwa umekwisha. Alimwita dereva wasaidiane kumbeba. Leodgar akainua mkono kuwazuia. Alikuwa akimtazama Mahona, aliyesimama mlangoni.

"Mna nafasi?" aliuliza.

"Ipo."

"Siwezi kubeba kitu."

"Hakuna aliyekwambia ubebe."

Leodgar akainuka. Mwili wake ulibaki kitandani na mpira puani, yeye akavaa ndala.

"Usinisubiri kula," alimwambia mkewe, akatoka na wenzake kupitia jikoni.

Recheli alimfumba macho aliyebaki. Akasimama dirishani akimtazama aliyekwenda, mpaka alipopotea nyuma ya choo cha jirani. Hapo ndipo alipolia.

Walimzika kesho yake. Siku ya tano, umeme ukiwa bado haujarudi, Josepha alipiga simu kutoka Ulyankulu. Alikuwa dada wa Leodgar, na miguu mibovu ilikuwa imemzuia kuja msibani.

"Wifi, kaka amefika," alisema. "Yuko na wenzake, wametua mizigo uani. Kijiji wanachokitafuta hakipo, nimewaambia. Wamesema basi, watalala hapahapa."

"Anakohoa?"

"Hakohoi."

"Mpe uji."

"Amelala, wifi. Wote wamelala. Nimewatikisa, hawaamki."

Siku ya sita umeme ukarudi. Mashine ikaanza kupumua peke yake chumbani, na Recheli akaisikiliza muda mrefu kabla ya kwenda kuizima.

Jumatatu alikwenda ofisi ya umeme kuomba nyumba yake iunganishwe na ule waya unaopita juu ya bati. Karani, kijana mpole aitwaye Renatus, alimwamkia, akamvutia kiti na kuchukua fomu.

"Sababu ya ombi?"

"Mgonjwa."

"Yupo nyumbani?"

"Yupo Ulyankulu. Alifia nyumbani, akaenda huko kwa miguu."

Renatus alitikisa kichwa kwa masikitiko. Shangazi yake mwenyewe alikuwa ameondoka hivyo mwaka juzi. Akaandika: *Mgonjwa amehama.*

"Pole sana, mama. Ila sasa ombi linakosa msingi. Laini ile ni ya wenye uhitaji maalumu."

"Na katika ile nyumba ya ng'ambo, nani mgonjwa?"

Renatus alifungua faili, akalipekua ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho, kwa sababu alikuwa mtu makini.

"Pale hakuna mgonjwa, mama," alisema, akagonga muhuri na kumwita aliyefuata.