Kipimo Kilichoingia kwa Bibi Theopista

Mwaka ule wa tisini na moja, Izigo nzima ilijua kwamba mtu akija kwako na kipimo, basi anapimia jeneza. Fundi Mwijage alikuwa ameshaingia kwa Bibi Theopista mara tatu na futi yake, na watoto watatu wa Bibi wakatoka wamebebwa. Aliyebaki ni mjukuu, Joviana, wa miaka mitano, ambaye nyayo zake ziligeukia ndani na kutazamana kila alipopiga hatua. Daktari mmoja mgeni alisema mifupa ya mapaja ikatwe, inyooshwe. Apelekwe Jumatatu.

Ijumaa akaja Klaudia, mtaalamu wa viungo kutoka Bukoba, mkononi ana ubao wa nusu duara wenye namba. Akasema anapima miguu ya wakubwa na wadogo wasioumwa, ajue mguu wa kawaida unazunguka kiasi gani.

"Maawe!" Bibi akaziba mlango. "Huyu hapimwi angali anapumua. Nenda zako!"

Mwingine angenuna. Klaudia, jamani, alivua viatu, akalala kifudifudi juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, akakunja magoti, nyayo zikatazama paa.

"Basi nipime mimi, Bibi. Tuone kama nitakufa."

Bibi akacheka bila kupenda. Akaiacha miguu ya mgeni iangukie nje, mapaja yakizunguka ndani, akasimamisha ubao nyuma yake, akasoma namba: arobaini. Klaudia akainuka mzima! Ikaja zamu ya Bibi mwenyewe, magoti yakilia kwa uzee: thelathini na tano. Joviana alikuwa ameshajilaza kando yao, hakungoja kuitwa.

Yeye alitoa sitini na tano. Bibi akamvuta mjukuu kwake.

"Ndiyo maana wanataka kumkata," akasema.

Klaudia akafungua daftari. "Tazama watoto wa kijiji cha Kishanda, wa umri wake. Hamsini na nane. Sitini na mbili. Sitini na nane, na huyu anapanda miti kutwa. Sasa tazama wa miaka kumi, namba zimeshuka zenyewe. Mjukuu wako haumwi, Bibi. Namwandikia daktari leo hii."

Hapo ndipo Bibi alipokumbuka, na machozi yakamtoka. Ishengoma, mwanawe marehemu, baba yake Joviana, utotoni alitembea hivihivi, wenzake wakimcheka. Kwa miguu ileile alikwenda vita vya sabini na nane, akarudi. Msiba ulikuwa umemsahaulisha hata mwendo wa mwanawe.

"Kasinge, waitu," akamshukuru Klaudia, akimshika mikono yote miwili. Klaudia alikuwa mtu na akili yake!

Jumapili baada ya misa jibu likafika: daktari ameziona namba, ameghairi.

Jumatatu, siku mjukuu aliyopangiwa kukatwa, Bibi Theopista alizunguka Izigo nyumba kwa nyumba na Klaudia, ubao kaubeba mwenyewe. Joviana alitangulia mbio, nyayo zikitazamana.

"Fungueni!" Bibi akaita kila mlango. "Kipimo hiki si cha Mwijage. Hiki kinapima wanaotembea."