Hidrojeni Mbili za Ukoo Mmoja

Mwalimu Jean-Marie wa Kasongo alikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyewahi kumnyang'anya: ukisoma kemia kwake, hutaisahau mpaka unaingia kaburini. Siri yake ilikuwa posa. Kwao, watu wakija kuposa, hata kabla hawajapewa kiti wanaulizwa ukoo, maana wa ukoo mmoja hawaoani, na hapo hakuna mjadala. Basi desturi hiyo akaiingiza darasani. Molekuli ni nyumba, alisema, na hidrojeni ni binti wa nyumba. Binti akichungulia kwa jirani, anamtafuta oksijeni, nitrojeni au fluorini. Huo ni uchumba tu, si ndoa, lakini unashika. Je, hidrojeni ya nyumba hii na hidrojeni ya nyumba ile? Darasa zima linaitikia: ukoo mmoja! Miaka ishirini na minane waliitikia hivyo, na wengine mpaka leo wanaitikia wakikutana naye sokoni.

Mwaka huu, mwezi wa saba, chuo kimoja cha pale mjini kikamwita akae na watahini. Anayetetea kazi yake ya mwisho alikuwa Esther-Divine, binti wa mama mmoja mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila. Naye alisoma kwa Jean-Marie, benchi la mbele, yule wa kuuliza mpaka kengele inalia. Mama yake alishasema wazi: akianguka, hakuna mwaka mwingine, anarudi Salamabila kukaa dukani.

Kusema kweli, Jean-Marie hakuisoma ile kazi. Alisoma kichwa chake, akaona imeandikwa kwamba hidrojeni inaivuta hidrojeni, akaifunga. Mutoto huyu ananitukana, alijisemea, na hasira hiyo akaja nayo mpaka ukumbini.

Binti hakufika mbali. Mzee alimkatiza, akamuuliza kama kweli anataka kuwachumbisha wa ukoo mmoja mbele ya watu. Ukumbi ukacheka. Hata watahini wenzake watatu, na Yves, rais wa jopo lao, katikati, wakaitikia "ukoo mmoja!" kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza.

Esther-Divine alingoja kicheko kiishe. Hakuwa na haraka.

"Mwalimu, ni wewe ulitufundisha kuuliza ukoo," akasema. "Lakini kwetu Salamabila hatununui dhahabu kwa jina. Tunaipima. Na hii hidrojeni nimeipima chaji."

Akageukia ubao. Akachora nyumba ndogo iitwayo amonia-borani: nitrojeni upande mmoja, boroni upande wa pili, kila mmoja na hidrojeni zake tatu. Nitrojeni ni mchoyo, akaeleza, anajivutia elektroni, kwa hiyo hidrojeni za kwake zinabaki chanya. Boroni hana nguvu hiyo, hidrojeni zenyewe ndizo zinazomnyang'anya elektroni, zikawa hasi. Jina ni moja, lakini malezi mbalimbali. Chanya ya nyumba hii ikikaribia hasi ya nyumba ya jirani, zitaachaje kuvutana?

Jean-Marie alichukua karatasi amkamate kwenye hesabu. Binti alikuwa ameilinganisha amonia-borani na ethani. Mzee akahesabu elektroni: kumi na nane kwa kumi na nane. Uzito nao karibu sawa. Lakini ethani ni hewa, hata kwenye baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri, na mwenzake ni unga mweupe mkavu ambao hauyeyuki mpaka upite nyuzi mia. Nani anaushika? Akamtafuta mchumba kwa kanuni yake mwenyewe. Nitrojeni? Hapana: elektroni zake mbili za akiba ameshampa boroni, hana tena cha kumpokelea mgeni. Oksijeni hayupo. Fluorini hayupo. Kalamu ikasimama.

Binti hakuficha kitu. Alikubali kwamba nyumba zenyewe zinavutana pia, kwa kuwa kila moja ina upande chanya na upande hasi. Ila watafiti walizipima hidrojeni ndani ya ule unga, wakazikuta zimesogeleana kuliko jirani wa kawaida. Wanaochukiana hawakai hivyo.

Weee! Hasira ya mzee ilikwisha hapo hapo. Alimtazama binti yule na vumbi lake la chaki mikononi, akasikia furaha ambayo hakuipata tangu siku yake ya kwanza ya kufundisha. Akili ni nywele, na huyu za kwake zilikuwa nyingi.

Watu wakatolewa nje, watahini wakapiga kura. Yves aliandika la kwake, na wale wawili la kwao. Watatu wote walimwangusha. Jean-Marie akauliza sababu.

"Lakini Mwalimu," Yves akasema kwa heshima, "si ni wewe ulitufundisha?"

Mzee akawatazama mmoja mmoja. Wote watatu walipita mikononi mwake. Kosa lake lilikuwa limevaa kravati, limeketi kwenye viti vitatu, na lilikuwa na mamlaka ya kumrudisha binti wa watu dukani. Angenyamaza, hakuna ambaye angemuuliza kitu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Akainuka, akafungua mlango mwenyewe, akawaita watu wote warudi.

"Mama Esther, iko mimi nilikosea," akamwambia binti kwa jina la heshima, ukumbi mzima ukisikia. "Miaka ishirini na minane. Wewe umeshinda, na kura yangu ni hiyo."

Hakuna aliyecheka. Yves akachukua karatasi yake, akafuta alichoandika, na wale wawili wakafuata. Jean-Marie hakurudi mezani. Alienda kukaa benchi la mbele, akaomba daftari kwa jirani.

"Anza tena pale kwa nitrojeni," akamwambia Esther-Divine. "Na uende polepole, binti yangu. Hawa watatu walifundishwa na mimi."