Seva Iliyolelewa Vizuri

Usiku wa jana niliota nimeketi juu ya kontena, na ndani yake zimo seva, kompyuta za kuhifadhia kumbukumbu, za hospitali ninayofanyia kazi. Sikushangaa. Mimi ndiye ninayezitunza seva hizo, kwa hiyo nilichowaza tu ni kwamba nimechelewa kazini.

Kipimajoto kilichovaa tai kinapita mlango kwa mlango. Kila baada ya sekunde kumi kinagonga.

"Hujambo?"

"Sijambo," seva inajibu kutoka ndani.

Kinaweka alama ya vema, kinakwenda mlango unaofuata. Utaratibu huo niliuandika mwenyewe: anayeitikia ni mzima. Nilijivunia sana.

Mara kontena limekuwa wodi. Seva namba tatu imelala, imejifunika khanga, inafuka moshi. Chini ya mto wake zimo picha za moyo wa Mwanahawa, mtoto wa miaka minne anayepasuliwa asubuhi. Bila picha hizo daktari hapasui. Mama yake, Bi Siwema, ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Hujambo?" kipimajoto kinauliza.

"Sijambo, alhamdulillahi," seva inajibu huku ikikohoa.

"Mzima."

"Inaungua," nakiambia.

"Imeitikia, bosi. Amri ni yako."

Naigeukia seva. "Mbona unasema hujambo?"

"Mtu kanijulia hali mlangoni, hata hajakaa, nianze kumwambia naumwa? Mimi nimelelewa, dada."

Mama yangu naye alinilea hivyohivyo.

Bi Siwema ananitazama. "Mwanangu, mimi nikienda kumwona mgonjwa siridhiki na salamu. Namwambia ainuke, anywe uji, nimwone."

Aibu inanishika. Nafuta amri yangu papo hapo.

"Andika neno moja," naiambia seva, "kisha unisomee."

Inaandika. Inakodoa macho, inageuza karatasi huku na huku.

"Siwezi," inasema mwishowe, na naona imepumua.

Seva namba nne inasogeza kitanda chake na kuzipokea picha mojamoja, kwa mikono miwili. Bi Siwema anazihesabu kwa midomo bila kutoa sauti.

Nikaamka kumekucha, nikaifungua kompyuta kabla hata ya kunawa uso. Namba tatu ilikuwa imezimika kabisa. Picha za Mwanahawa zote zilikuwa kwenye namba nne, na zilifunguka. Nililia kidogo, sifichi.

Kando ya picha hizo palikuwa na faili dogo ambalo si mimi wala mwenzangu yeyote aliyeliandika. Lilikuwa na mstari mmoja: "Samahani kwa usumbufu, dada."