Kitanda cha Baba Mnadani

Watoto wangu walipokua, niliamua kukipiga mnada mtandaoni kitanda chao cha uchangani cha mbao, alichokitengeneza baba yangu, fundi seremala. Baba alikuja na randa mkononi.

"Ngoja kwanza niondoe haya meno," alisema. Wanangu wote wanne walikuwa wameutafuna ukingo wa juu walipokuwa wakiota meno.

"Usiguse, baba. Watu wakigundua tumeficha dosari, hata uzuri wake hawatauamini."

Nikakifuta vumbi, nikakisogeza dirishani penye mwanga na kupiga picha kila upande. Zile alama za meno nilizipiga kwa karibu kabisa, na chini yake nikaandika kuwa ni za watoto wanne. Bei ya kuanzia nikaiweka chini, ili watu wasiogope kuingia.

Baba akanuna. "Unaniaibisha mbele za watu, mwanangu."

Siku ya mwisho, wanunuzi wawili walianza kupandishiana bei. Mmoja akaandika: "Kimetafunwa na watoto wanne na hakijalegea hata kiungo kimoja? Huyo fundi ana mkono! Sikiachi."

"Hebu soma tena," baba alisema. Nikasoma. Akataka tena, safari hii kwa sauti kubwa, mama asikie kutoka jikoni.

Yule mnunuzi ndiye aliyeshinda, akaja na mkewe mjamzito. Baba alikuwa amevaa shati lake la kutokea. Hakukubali tumsaidie, alikifungua vipande na kuvibeba mwenyewe hadi kwenye gari, kifua mbele.

"Kikiwasumbua kukiunganisha, nipigieni simu," aliwaambia. "Fundi wake ndiye mimi."