Pipa Nje ya Lango

Moshi wa zambarau ulikuwa unafuka machoni mwa Bawabu. Mkono wake ulishika wenzo wa lango kama siku zote, kidole cha shahada kikiwa kimenyooka peke yake, kilema alichozaliwa nacho kwa kuwa mchoraji wa mwanzo alichoka mapema. Maji yalikuwa yanapanda kama siku zote. Nje, kwenye mvua, mdogo wake alikuwa analikimbilia lango asilowahi kulifikia. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa huo moshi.

"Unaonaje, Shangazi?" aliuliza mkurugenzi wa mchezo wa video, amesimama kando ya skrini ya ukutani kama bwana harusi anayesubiri vigelegele.

"Naona jiko linavuja gesi."

Chumba kikacheka. Huyo mwandishi wa hadithi ya mchezo hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle. Walimpa jina hilo kwa kuwa alikuwepo tangu mchezo wa kwanza, enzi kampuni nzima ilipoenea katika chumba kimoja chenye feni inayokoroma, na wengi wa hawa waliomzunguka walikuwa bado wanafungwa kamba za viatu na mama zao. Mkurugenzi naye aliitwa Maono, maana hakuwahi kumaliza kikao bila kutangaza kwamba ana maono. Yeye aliliona jina hilo kuwa sifa, na hakupatikana mwenye roho mbaya ya kumweleza vinginevyo.

"Huo moshi ni dawa," alisema Maono. "Mfalme alimtilia kwenye maji ya kunywa. Mkono ulifunga lango, lakini haukuwa mkono wake. Mchezaji atalijua hilo sasa, katika mchezo wa sita. Atadondosha rimoti!"

Shangazi hakudondosha kitu. Aliutazama uso wa Bawabu, uso aliokula nao chumvi miaka yote hii.

Kila aliyewahi kucheza mchezo ule alilijua lile tukio. Mafuriko yanaingia mjini, Bawabu analifunga lango, na mdogo wake anabaki nje. Hakuna aliyemwamuru wala kumroga. Walinzi wenzake wanapomuuliza kwa nini, anajibu neno moja: "Niliogopa." Juu ya neno hilo ilijengwa michezo mitano. Ndilo lililomfanya awafungulie wageni milango hata pale busara ilipomkataza. Ndilo lililomfanya alale kizingitini, asiweze kupata usingizi nyuma ya mlango uliofungwa. Watu walimpenda kwa sababu walimjua. Nani hajawahi kufunga lango lake mapema mno?

"Kwa hiyo miaka yote hii amejuta bure," alisema Shangazi.

"Si bure. Hakujua tu."

"Ukimpokonya kosa lake, atabaki na nini?"

"Atabaki na wanasesere, Shangazi," alisema Maono, safari hii bila mzaha, na kwa upole uliomuudhi Shangazi kuliko kejeli. "Watu wa mauzo wamesema wazi. Hakuna mzazi atakayemnunulia mwanawe mwanasesere aliyemfungia ndugu yake nje. Nahitaji tukio la ufunuo. Mtu anamwambia Bawabu ukweli, naye anapokea. Jumanne tunarekodi. Ukiona huwezi, si vibaya, wapo wenzako watakaoliandika kabla chai haijapoa."

Hapo ndipo penyewe. Akikataa, Bawabu angeangukia mikononi mwa kijana anayedhani huzuni ni mvua na fidla. Akikubali, angemuua mwenyewe, kwa mkono wake, na huo haukuwa na dawa yoyote.

Alitoka kwenda kwenye birika la maji ya moto na kulikuta mikononi mwa Kobe, fundi wa programu, mtu wa pili na wa mwisho aliyebaki tangu enzi za feni. Kobe aliitwa hivyo kwa mwendo wake, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikosea njia.

"Wanataka kumsafisha," alisema Shangazi. "Wamvalishe maiti suti mpya wadhani ataenda kazini! Yule mtu ana sababu yake. Sababu yake ni yake."

Kobe akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Sababu yake ni pipa."

"Usianze."

"Nianze nini? Umesahau? Lango lilitakiwa kumsubiri dogo aingie, ndugu wakumbatiane, maji yapige ukuta, basi, kila mtu afurahi. Lakini dogo akawa anakwama kwenye pipa pale nje. Nimgeuze kushoto, pipa. Nimgeuze kulia, pipa. Nikiliondoa pipa, farasi wote wa mji wanatoweka. Mpaka leo sijui farasi na pipa wana undugu gani. Lango likawa linajifungia kwa saa yake, dogo yuko nje anasugua tumbo kwenye pipa. Na mchezo unatakiwa dukani."

"Najua, Kobe."

"Nikakwambia, mama, simkwamui huyu. Ukaniuliza, lango linafungwa na nani? Nikasema, na Bawabu. Ukaandika 'Niliogopa', umesimama, koti liko begani, unawahi nyumbani." Akapuliza chai yake. "Watu wamelia dunia nzima. Mimi huwa nawatazama wakilia, nalifikiria lile pipa. Unatetea kiraka changu, Shangazi. Nashukuru, lakini ni kiraka."

Shangazi alikasirika kwa namna anayokasirika mtu aliyeambiwa kweli na mtu asiyeweza kumgombeza. "Kiraka kikikaa sana kinakuwa nguo," alisema, akaondoka bila chai.

*

Jumapili alikwenda kwa mama yake kwa chakula cha mchana, ameibeba hasira ya wiki nzima kama mtungi uliojaa pomoni. Kaka yake mkubwa alikuwa amekwisha kufika. Siku hizi hakukosa Jumapili. Alikuwa amemrekebishia mama bawaba ya kabati, akaketi akala, na ilipofika zamu ya matunda akaanza, kama kawaida yake, kusimulia jinsi baba alivyomtuma.

"Aliniita kitandani," alisema kaka. "Akanishika mkono. Akaniambia, mwanangu, usikae hapa kunitazama. Nenda kituo cha basi, nenda ukatafute maisha. Mama yako na dada yako watanitosha..."

Safari hii, katika masimulizi yake, baba alikuwa na machozi. Mara iliyopita hakuwa nayo. Shangazi aliyaona machozi hayo kama alivyouona moshi wa zambarau.

"Baba alikuwa hasemi," alisema.

Kijiko cha kaka yake kikaelea hewani.

"Ulipoondoka, baba alikuwa ameshapooza. Hakuweza kutamka hata jina lake. Mimi ndiye niliyekuwa namfuta mate. Hakukuita, hakukushika mkono, hakukutuma popote. Uliogopa, kaka. Sema tu uliogopa! Ni neno moja, halina gharama, ukilisema tutakula matunda yetu kwa amani."

Hakuna aliyekula matunda. Kaka alikilaza kijiko kando ya sahani, taratibu, kama anayemlaza mtoto asiamke. Akasimama. "Ahsante kwa chakula, mama," alisema, akatoka.

Mama alikusanya sahani. Shangazi alimfuata jikoni, tayari ameshajipangia utetezi.

"Umefurahi?" aliuliza mama.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia baba mashuka."

"Najua. Na mimi ndiye niliyekuwa nayafua."

"Sasa mbona unamwacha akae hapa kila Jumapili anasema uongo wake?"

"Si uongo wake," alisema mama. "Ni wangu."

Shangazi alidhani hakusikia vizuri, maana bomba lilikuwa linamwaga maji. Mama akalifunga.

"Siku aliyorudi, baba yako ameshazikwa, wewe uko kazini kwako. Alisimama pale mlangoni. Haingii, haondoki. Limtu lizima na ndevu zake, limeshika mwimo kama linaushikilia usianguke. Nikamwita, haji. Nikamwita tena, haji. Nikaona huyu nikimwacha hapo dakika moja zaidi anageuka, na akigeuka simwoni tena. Nikamwambia, ingia, baba yako mwenyewe ndiye aliyetaka uende. Ndiyo mguu ukavuka."

"Ukambadilishia hadithi."

"Nikampa pa kukanyaga. Baba yako hakudai lolote, alishatangulia. Mimi ndiye niliyekuwa na mtoto mlangoni."

"Na yeye anaamini?"

Mama alikamua kitambaa, akakitandaza juu ya bomba, akakinyoosha pembe zake. "Kila akija anaisimulia upya, tena kwa kuongezea. Wewe ndiye mtunzi hapa ndani. Mtu mwenye uhakika husimulia mara ngapi?"

Shangazi alikausha sahani zote, na ile ya kaka yake akaikausha mara mbili.

*

Aliliandika tukio Jumatatu asubuhi, kwa hasira bado, ila hasira iliyokosa wa kumwangukia. Katika michezo yote mitano Bawabu hakuwahi kuwa na mama. Sasa akampa mmoja: bibi mwenye mikono iliyochujuka kwa kufua, katika nyumba ya juu mlimani ambako maji hayakufika. Bawabu anafika, anasimama kizingitini. Mama anamtazama kwa muda mrefu. Kisha anasema, "Ingia, mwanangu. Haukuwa mkono wako. Mfalme alikutilia dawa." Na Bawabu anajibu, "Ahsante, mama," anavuka.

Maono alilisoma akiwa amesimama, akalimaliza amekaa. "Hii ndiyo!" alisema. "Ukweli wote umo! Mama ndiye anayejua siri! Ila hapa anapomtazama kwa muda mrefu, tupunguze. Wachezaji watadhani mchezo umekwama."

"Acha wadhani."

"Shangazi..."

"Nimekupa dawa yako, nimekupa mfalme wako, nimekupa wanasesere. Niachie mama amtazame mwanawe."

Maono aliinua mikono juu kama aliyeoneshwa bunduki, akacheka, akauacha mtazamo. Moshi nao hakuuondoa. Moshi ulibaki, tena ukaongezwa rangi.

Jumanne akaja Bi Koo, mwigizaji wa jukwaani wa zamani aliyempa Bawabu sauti tangu mwanzo. Aliingia kwenye chumba cha kurekodia, akavua viatu, akanywa maji ya uvuguvugu. Kwanza wakamaliza miguno, kama ilivyo desturi ya kazi ile: akaanguka kutoka juu ya ukuta, akaungua, akazama, akapigwa shoka la mgongo, yote akiwa amesimama palepale mbele ya kipaza sauti, mkono mmoja kiunoni kama anayesubiri foleni iende. Ndipo akachukua karatasi ya maneno. Aliisoma kimya. Akavaa miwani, akairudia.

"Hili la mwisho," alisema. "'Ahsante, mama.' Anaamini alichoambiwa?"

"Anaamini kabisa, Bi Koo!" alisema Maono kupitia spika. "Mzigo umetua! Mpe furaha."

Bi Koo hakumtazama Maono. Alimtazama Shangazi, upande wa pili wa kioo. "Nakuuliza wewe, binti. Mimi huyu nimemlilia michezo mitano. Anaamini?"

Kobe, aliyekuja kutazama kama mlango wa nyumba ya mlimani unafunguka inavyopaswa, aliacha kutafuna. Shangazi aliinamia kipaza sauti. Alikuwa na hotuba nzima aliyoitayarisha tangu siku ya moshi, yenye heshima ya kazi, na kweli ya mhusika, na aibu ya kuwauzia watu machozi kisha kudai yarudishwe. Aliiacha yote.

"Amechoka kusimama nje," alisema.

Bi Koo akaitikia kwa kichwa polepole. Akavua miwani. Taa nyekundu ikawaka, na katika ukimya wa chumba kilichozungushiwa sponji akasema maneno yale mawili kama mtu aliyepewa koti lisilo lake, anajua si lake, mwenye kumpa anajua si lake, na baridi ni kali.

"Safi!" alisema Maono. "Mnaona alivyofarijika? Moja tu imetosha, tunaendelea."

Kobe alijikuna shingo, akamtazama Shangazi, akamwinamia sikioni. "Mlango ule nimeuwekea usijifunge wenyewe," alisema. "Hata akikawia."

Shangazi hakuwa ameshinda, hilo alilijua. Moshi ungekwenda dukani, wanasesere wangekwenda dukani, na wachezaji wengi wangesema, kumbe alitiliwa dawa maskini, wakaendelea kubonyeza. Wachache, labda, wangebaki wametazama ule uso wa mama kwa muda, wakidhani mchezo umekwama.

Alitoka hadi kwenye ngazi za nyuma, penye ndoo ya kudekia na mwanga wa mchana, akampigia kaka yake. Simu ililia sana. Alipokuwa anakaribia kukata, ikapokelewa.

"Kaka, ni mimi."

"Nimeona jina."

"Jumapili uje. Ile hadithi ya baba kukutuma nilikukatiza. Ulikuwa umefika kituo cha basi. Uje uimalizie."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi, na mbali nyuma yake gari likirudi nyuma kwa mlio wake wa tahadhari, kisha nalo likanyamaza.

"Pale kituoni," alianza kaka yake, akasita. "Haikuwa hivyo hasa."

Na Shangazi, aliyelipwa maisha yake yote kuwajazia watu vinywani maneno wanayoyakosa, akakaa kwenye ngazi, simu sikioni, asimpe hata moja.